Wenye pwani nao washuke kwenye meli zilizozama

Bagamoyo ni pwani ya maji ya kina kifupi. Maji yakipwa wakati wa bamvua, mtu hutembea mbali juu ya mchanga kabla ya kulowa magoti, na majahazi hulala ubavu yakisubiri maji yarudi. Hali hiyo iliufaa mji kwa karne nyingi, maana jahazi halina haja ya gati. Lakini meli za moshi zilipoanza kuja zililazimika kutia nanga mbali na ufuko, na hiyo ni mojawapo ya sababu zilizowafanya Wajerumani kuhamishia makao makuu yao Dar es Salaam mwaka 1891. Mbele ya ufuko huo, katika mkondo wa kilomita 40 hivi unaoitenga Bagamoyo na Unguja, ipo miamba na mafungu ya mchanga ambayo manahodha wenyeji waliyajua kwa majina na wageni waliyajua kwa kuyagonga. Meli zilizozama katika maji ya namna hii, kwetu na kwa majirani zetu, ndizo ninazozitetea hapa. Ninachodai ni kwamba hazitadumu ikiwa watu wa pwani hawatafundishwa kuzamia mpaka zilipo, wakazijua kwa macho yao na wakapata kazi kwazo.

Mfano ulio karibu na Bagamoyo ni meli ya Great Northern. Ilijengwa Uingereza mwaka 1870 na ilifanya kazi ya kutandaza na kutengeneza nyaya za telegrafu za chini ya bahari, hadi ilipopanda mwamba nje ya mji wa Zanzibar mwaka 1902 na kuishia hapo. Mabaki yake yapo kwenye kina cha mita 12 hivi. Anayeshuka huko leo hukuta mbavu za chuma zilizovikwa matumbawe na sifongo, changu wakipita kwa makundi mahali palipokuwa na shehena, na mkunga akichungulia kwenye tundu lililokuwa la bomba. Mandhari ni nzuri, lakini uzuri ni sehemu ndogo tu ya thamani yake. Zanzibar iliunganishwa na Aden kwa waya wa baharini mwaka 1879, na mwaka 1890 waya ukaletwa Bagamoyo na Dar es Salaam. Habari ya bei ya pembe za ndovu, ambayo zamani ilisubiri meli kwa wiki nyingi, ikaanza kufika kwa saa chache. Na amri za serikali za kikoloni zikafika kwa kasi hiyohiyo. Meli ile ni sehemu ya mitambo iliyoifunga pwani yetu kwenye masoko na mamlaka za Ulaya. Mwanafunzi wa Bagamoyo husomeshwa habari za misafara iliyotoka bara na minyororo waliyofungwa watu. Ni haki yake pia kujua kwamba mnyororo mwingine, huu wa shaba, ulipita chini ya bahari anayoogelea, na kwamba kipande cha habari hiyo bado kipo kwenye maji ambayo yeye mwenyewe anaweza kuyafikia.

Neno kuyafikia nalitumia kwa maana yake kamili, kwa sababu kina ndicho kinachoamua nani anaona nini baharini. Mtu akiwa mita 10 chini, mwili wake hubeba shinikizo mara mbili ya lile la juu ya maji. Akiwa mita 40, mara tano. Hewa ya mtungi hupungua kwa hesabu hiyohiyo, na naitrojeni huingia mwilini kwa wingi zaidi, kiasi kwamba kwa majedwali wanayofundishiwa wazamiaji wa kujifurahisha, mtu anaweza kukaa mita 12 kwa zaidi ya saa mbili bila kulazimika kusimama njiani wakati wa kupanda, ilhali kwenye mita 40 hana hata dakika kumi. Mzamiaji wa ngazi ya kwanza haruhusiwi kuvuka mita 18. Kwa hiyo meli ya mita 12 ni darasa. Mwanagenzi anaweza kuishukia baada ya mafunzo ya siku chache, akakaa muda wa kutosha kupima urefu wa mbavu zake kwa kamba, kuchora, kupiga picha, kuhesabu samaki, na kurudi tena kesho. Mwanga upo, ingawa rangi nyekundu hufifia mapema. Maji ni ya vuguvugu mwaka mzima, nyuzi 25 hivi wakati wa kusi na karibu 30 kaskazi inapoelekea mwisho. Yapo mataifa yanayofundisha kazi hii kwenye maji baridi yenye giza, na yanaifundisha vizuri. Sisi tumepewa mazingira mepesi kuliko yao, na wengi wanaoyatumia ni watalii.

Lakini kina kifupi ndicho pia kinachoziponza meli hizi, kwa kuwa panapofikika kwa urahisi panaibika kwa urahisi. Tazama zilizokuwa maarufu kuliko zote. Meli ya Sultani, Glasgow, iliyozamishwa na Waingereza bandarini Zanzibar katika vita vifupi vya tarehe 27 Agosti 1896, ilibaki na milingoti nje ya maji kwa miaka mingi, kisha ikavunjwa mwaka 1912. Manowari ya Uingereza, Pegasus, iliyopigwa na manowari ya Ujerumani Königsberg alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 ikiwa imetia nanga Zanzibar kwa matengenezo, iliuzwa kwa wavunja vyuma katika miaka ya 1950, na kilichobaki chini ni masalia tu. Königsberg yenyewe, ambayo Wajerumani waliizamisha kwa mikono yao katika mto Rufiji tarehe 11 Julai 1915 baada ya kushambuliwa na Waingereza, ilikatwakatwa na wafanyabiashara wa vyuma katika miaka ya 1960, na masalia yakamezwa na tope. Anayetaka kuona mizinga ya meli hizi mbili asihangaike Rufiji wala Unguja. Aende Fort Jesus, Mombasa, ambako mzinga mmoja wa kila meli umewekwa uani. Meli tatu zilizobadili historia ya pwani hii zilipimwa kwa tani na kuuzwa. Zilizobaki zimebaki kwa bahati, au kwa sababu hazikumvutia mnunuzi.

Na biashara ya chuma chakavu haijafa. Kila anayepita Chalinze, mji wa njia panda ya kwenda Morogoro na Tanga, anaiona mizani ya wanunuzi pembeni mwa barabara. Shaba nyeupe na shaba nyekundu zina bei nzuri kuliko chuma, na meli za zamani zilijaa zote mbili: valvu, mabomba, madirisha ya mviringo, rafadha. Huhitaji mitambo mikubwa kuyatoa kwenye mita 12. Unahitaji mashua, kompresa, mpira wa hewa na msumeno. Anayefanya hivyo haibi kifaa kimoja tu. Chuma kikikaa baharini kwa miongo mingi hujifunika gamba gumu la chokaa na viumbe, na gamba hilo huzuia kutu isiendelee kwa kasi. Likibanduliwa, au nanga ya mashua ikilivunja, kutu huanza upya kana kwamba meli imezama jana. Kifaa chenyewe kikipandishwa juu bila kuloweshwa na kutolewa chumvi kwa miezi au miaka, hupasuka na kugeuka vumbi jekundu mikononi mwa mwenyewe.

Wapo watakaosema kwamba dawa ya hayo ni sheria, na sheria tunazo. Ndiyo, lakini tuziangalie zinasema nini. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, inayotumika Tanzania Bara, imeweka mpaka wa mwaka 1863: kilichotengenezwa kabla ya hapo hulindwa chenyewe, na cha baadaye husubiri tangazo la waziri. Kwa magofu ya Kaole karibu na Bagamoyo, yenye msikiti wa tangu karne ya 13, mpaka huo hauleti shida. Kwa meli unaleta shida kubwa. Jahazi la mbao la karne ya 18 lililozama kwenye maji ya joto haliwezi kudumu isipokuwa sehemu iliyofukiwa na mchanga au kulaliwa na mawe ya farumi, kwa maana wadudu wanaotoboa mbao huimaliza iliyo wazi. Mafundi wetu wa vyombo wanawajua vizuri wadudu hao, ndiyo maana hupaka shahamu chini ya jahazi. Kinachosimama baharini miaka mia ni chuma, na meli nyingi za chuma zilikuja baada ya 1863. Kwa hiyo sheria inalinda kilichokwisha kuoza na kuacha kilichosimama.

Chukua meli ya Rubens, iliyojigeuza kuwa meli ya Denmaki kwa jina la Kronborg, ikasafiri kutoka Ujerumani mapema mwaka 1915 ikiwa na makaa ya Königsberg pamoja na silaha. Tarehe 14 Aprili mwaka huo manowari ya Uingereza, Hyacinth, iliikuta kwenye ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Nahodha aliizamisha mahali penye kina kifupi, ikawaka moto juu ya sitaha, Waingereza wakaondoka wakiamini imekwisha. Haikuwa imekwisha. Wajerumani waliopoa bunduki na risasi, wakazifungua risasi zilizolowa, wakaikausha baruti na kuzijaza upya, na vita vya kamanda wao, von Lettow-Vorbeck, vikapata uhai mpya. Maelfu ya Waafrika, wapagazi kwa askari, waliokufa katika miaka iliyofuata walikufa katika vita vilivyolishwa kwa sehemu na meli moja iliyozama kina kifupi. Kama kuna ushahidi wa vita hivyo unaostahili tangazo la waziri, ni huo. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 kuhusu urithi ulio chini ya maji unatumia kipimo tofauti na chetu: miaka 100 ndani ya maji. Kwa kipimo hicho Great Northern na Rubens zote zimekwisha kufuzu. Kuufuata mpaka wa miaka 100 badala ya 1863 ni badiliko la mstari mmoja katika sheria ya Bara. Zanzibar ina mamlaka yake ya mambo ya kale, nayo ingefanya vizuri kuwafikiana na Bara, kwa kuwa mkondo ni mmoja.

Hata hivyo sheria iliyo bora haizamii. Uvuvi wa baruti ulipigwa marufuku tangu sheria ya uvuvi ya mwaka 1970, ukakatazwa tena na sheria ya mwaka 2003, na bado mlipuko uliendelea kusikika pwani kwa miongo kadhaa, mpaka vyombo mbalimbali vya dola vilipoungana kuwafuatilia wahusika. Na baruti angalau inasikika. Msumeno unaokata bomba la shaba mita 12 chini hausikiki, wala mashua iliyo juu yake haina tofauti na mashua ya mvuvi. Ofisa wa mambo ya kale aliye Dar es Salaam atajua kwamba kitu kimeng'olewa siku mtu mwingine atakapomwambia, na atakayemwambia lazima awe amekiona kikiwa mahali pake. Mtu huyo anaweza kuwa mtalii, ambaye kesho yuko uwanja wa ndege, au kijana wa Bagamoyo, Mlingotini au Saadani ambaye anaishukia meli hiyo kila msimu na anaijua ubao kwa ubao.

Wakenya wametuonyesha njia mbili. Ya kwanza ni ile ya Santo António de Tanna, meli ya Wareno iliyokuja Mombasa kuokoa Fort Jesus ilipokuwa imezingirwa na Waomani, ikazama mwaka 1697 chini ya ngome hiyohiyo. Kati ya 1977 na 1980 wataalamu kutoka nje, wakishirikiana na makumbusho ya huko, waliichimba kwa ustadi mkubwa; vitu vyake vikawekwa ndani ya ngome, na mwili wa meli ukafukiwa tena palepale. Ilikuwa kazi njema, na iliisha wataalamu walipoondoka. Njia ya pili ni ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi, ambako mabaki ya meli ya Kireno yapo kwenye kina cha mita chache tu, karibu na ufuko. Wapo watafiti wanaofikiri kwamba huenda ni São Jorge, mojawapo ya meli za safari ya mwisho ya Vasco da Gama mwaka 1524, ingawa jambo hilo linahitaji uthibitisho. Kinachonivutia zaidi kuliko jina la meli ni kwamba kazi inaongozwa na Mkenya, Caesar Bita wa Makumbusho ya Taifa, na kwamba wavuvi wa Ngomeni wamehusishwa katika kuyalinda mabaki hayo. Njia hii ya pili ndiyo ninayoiombea Bagamoyo.

Wala Bagamoyo haianzi na mikono mitupu. Mbegani kuna kampasi ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, ambapo vijana husomea bahari kwa miaka. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na chuo kikuu cha Exeter cha Uingereza, kiliendesha mradi wa Bahari Yetu, Urithi Wetu uliowafuata mafundi wa ngalawa wa Bagamoyo na kuandika ufundi wao. Mji wenyewe una magofu yake ya kale. Na wapo wavuvi wanaozamia pweza, kamba kochi na majongoo bahari kwa pumzi zao wenyewe, wanaosoma mkondo na kupwa kwa maji kuliko mwalimu yeyote wa kuzamia kwa mtungi. Kinachokosekana ni kuwaunganisha hawa: somo la kuzamia kwa mtungi na kupima mabaki ya meli, litolewe Mbegani, likiwa na cheti kinachotambulika na waajiri wa Zanzibar, Mafia na Dar es Salaam.

Pingamizi la kwanza litakuwa la gharama: shule hazina madawati, nani ananunua mitungi? Swali ni halali, na jibu lake liko kwenye soko lenyewe. Utalii wa kuzamia tayari upo Unguja, Pemba na Mafia, na unalipa kwa fedha za kigeni. Kila cheti cha mwalimu wa kuzamia anachokosa kijana wa pwani ni nafasi ya kazi inayojazwa na mgeni, na kijana hubaki kubeba mitungi.

Pingamizi la hatari nalichukulia kwa uzito zaidi. Bamvua huleta tofauti ya karibu mita nne kati ya maji kujaa na kupwa, na mkondo wa wakati huo unaweza kumchukua mtu. Vyuma vikuukuu hukata, na mzamiaji aliyeingia ndani ya meli akakosa njia ya kutoka hafi kwa kina, hufa kwa kukosa hewa. Na tusisahau kwamba kuzamia kunakofanyika sasa bila mafunzo, kwa kompresa za kujazia matairi na mpira wa hewa, ndiko kunakolemaza vijana wa pwani: wanakaa chini mno, wanapanda upesi, viungo vinakufa ganzi na hakuna anayewaeleza kwa nini. Anayeogopa kuwafundisha kwa sababu bahari ni hatari ajue kwamba wanazamia hata sasa. Kanuni za meli ya kina kifupi si nyingi: ushuke wakati wa maji mafu au maji yanaposimama, usiingie ndani, usishuke peke yako, usipande kwa haraka. Zinafundishika.

Kuna wanaosema meli iliyozama ni kaburi, na makaburi hayachezewi. Hapa nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Katika shambulio la Pegasus walikufa zaidi ya mabaharia 30, na baadhi yao wamezikwa kwenye kisiwa cha Chapwani mbele ya mji wa Zanzibar. Spice Islander iliyozama Septemba 2011 na Skagit ya Julai 2012 zilichukua mamia ya ndugu zetu, na majeraha ya familia zao bado mabichi. Meli hizo zisiguswe na mzamiaji yeyote, na pasiwe na bei wala tangazo la utalii juu yake. Lakini heshima hiyo nayo inahitaji mlinzi. Wavunja vyuma hawakuiogopa Pegasus kwa kuwa watu walifia humo. Ukitaka mahali pasiguswe, lazima awepo anayepajua.

Lipo pia neno la haki kutoka kwa wavuvi: kila eneo linaloitwa la hifadhi huwa eneo walilonyang'anywa. Mabaki ya meli ni makazi ya chewa na changu, na mvuvi anayetupa mshipi hapo hatendi kosa. Asifukuzwe. Kinachoharibu ni nanga, nyavu za kukokota na baruti, na maboya machache ya kufungia mashua yangeondoa haja ya nanga. Mvuvi aliyefunga mashua yake kwenye boya hilo ni mlinzi tayari, asiyelipwa mshahara.

Na kwa wanaosema kwamba maji ya Bagamoyo ni machafu kwa tope, kweli ni hivyo kwa miezi fulani. Ruvu na Wami humwaga udongo wakati wa masika, na mtu hawezi kuona mkono wake. Mafunzo yafanyike wakati wa kaskazi, na nje zaidi, kwenye miamba iliyo mbali na midomo ya mito. Tope lenyewe lina faida kwa mchunguzi, kwa kuwa linafukia, na kilichofukiwa ndicho kinachodumu.

Hilo linanifikisha kwenye jambo la haraka kuliko yote. Mpango wa bandari kubwa ya Bagamoyo, uliotiwa saini mwaka 2013, ukakwama, na ambao haujaacha kuzungumzwa, una maana ya kuchimba sakafu ya bahari ili ufuko wa kina kifupi upokee meli kubwa. Mtambo wa kuchimba bahari hauchagui. Ukishapita, mawe ya farumi ya jahazi, vigae vya mitungi na mbavu za chuma hutupwa pamoja na mchanga. Siombi bandari isijengwe. Naomba mkataba wa uchimbaji uwe na kifungu kinachotaka sakafu ipimwe kwanza kwa mitambo ya sauti na kukaguliwa na wazamiaji, kila kitu kilichotengenezwa na binadamu kiandikwe kabla ya ndoo ya kwanza kushuka, na nusu ya wazamiaji hao wawe vijana wa halmashauri za Bagamoyo na Chalinze, ambazo zote mbili zina pwani. Ili wawepo siku hiyo, wanapaswa kuanza masomo Mbegani kaskazi hii inayokuja.